Kadogo na Rangi Nyekundu

Jumapili, 14 Januari 2024

Nimetoka Tegeta kwa dada. Magari mawili kwenda, matatu kurudi, mtoto mgongoni, lakini kilichonichosha si safari. Mtoto wa dada, miaka mitatu na nusu, alisimama katikati ya sebule akatuimbia herufi zote za Kiingereza, ei, bii, sii, mpaka mwisho, mikono nyuma kama wanavyofundishwa huko chekechea kwao. Dada akampigia makofi. Kisha akachukua simu akanionyesha video: mtoto wa Kizungu, hata mwaka na nusu hajafika, mama yake anamwinulia kadi yenye neno moja, mtoto anagusa pua. Kadi nyingine, anagusa mguu.

"Na wako, Mwalimu?" dada akaniuliza.

Nikamwambia Kadogo ana miezi kumi na sita tu.

"Ndio umri wenyewe huo, mdogo wangu."

Kutoka Mwenge mpaka Rangi Tatu, kwetu Mbagala, nilikuwa naliwaza darasa langu. Shule tumefungua Jumatatu iliyopita, na mtaala mpya umeanza na sisi wa darasa la kwanza pamoja na wenzetu wa awali. Nina watoto 132 chumba kimoja, zamu ya asubuhi. Nimewagawia penseli, wapo wanaoishika kama mwiko. Kosa si lao. Penseli ya kwanza maishani wamepewa na mimi.

Najua mtoto aliyeachwa nyuma huishia wapi. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, na katika darasa la tatu ni kama watatu tu kati ya kumi walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tukafundishwa kuanza na sauti ya herufi badala ya jina lake, na mimi niliyepo darasani nimeona mabadiliko. Lakini wale saba walioshindwa hawanitoki. Mwanangu sitaki awe miongoni mwao. Kesho nanunua manila.

Jumatano, 17 Januari

Baba Kadogo amenichorea kadi ishirini. Yeye kazi yake ni hiyo, mabango: saluni, maduka ya dawa, mama lishe, mageti ya watu. Siku hizi wengi wanachapisha kwa mashine, lakini Mbagala ukuta bado ni ukuta, na ukuta unataka mkono. Ndugu wakigombania urithi, anaitwa yeye kuandika NYUMBA HII HAIUZWI.

Alitandika manila sakafuni, akapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, akaanza. Kadogo alikaa pembeni hapepesi macho. Mimi nilitaka atumie maka peni amalize haraka, yeye akakataa, akatoa brashi na kopo la rangi. Herufi ina kiuno, aliniambia, ukiikosea kiuno inaanguka.

Maelekezo aliyonitumia dada yanasema herufi ziwe kubwa na nyekundu. Mwenye mbinu ni Mmarekani, Glenn Doman, ambaye kitabu chake cha kufundisha mtoto mchanga kusoma kilitoka mwaka 1964. Yeye na wenzake kule Philadelphia walianza na watoto walioumia ubongo. Walipoona hata hao wanatambua maneno yaliyoandikwa makubwa, wakauliza kwa nini mtoto mzima asubiri mpaka aende shule. Unamwonyesha neno zima, unalitamka kwa sauti, unapita kwenye lingine upesi kabla hajachoka. Mara kadhaa kwa siku.

Tumeanza na MAMA, BABA, PUA, MAZIWA, KULA.

Jumanne, 23 Januari

Siku ya saba. Ametafuna pembe ya PUA. Nikiinua MAMA ananiangalia mimi. Nikiinua BABA ananiangalia mimi. Sijui kama hilo ni jibu.

Jumamosi, 3 Februari

Umeme wa mgawo. Leo umekatika saa mbili asubuhi, na Kadogo amekosa Akili na Mimi. Kile kipindi nakipenda. Wanakitengeneza Ubongo, hapahapa Dar es Salaam, na yule msichana Akili anaongea Kiswahili cha kwetu, hana haraka. Kadogo hajui anasema nini, ila wimbo ukianza anayumba.

Mama mkwe amefika jana kutoka Mafia. Boti kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati, halafu basi mpaka Rangi Tatu, na ndoo ya samaki wakavu aliyoipakata njia nzima. Alipoingia tu akamnyooshea mikono mjukuu wake: "Yuko wapi mume wangu? Mume wangu hajanisahau?" Kadogo alimtazama kwa muda mrefu, kisha akampa kadi ya MAZIWA.

Jumatano, 14 Februari

Nataka niandike jambo hili lilivyokuwa.

Nimerudi shule nimechoka, koo limekauka. Nikamkalisha Kadogo kwenye mkeka, nikainua kadi. Akageuka. Nikamgeuza. Akageuka tena, akatambaa kuelekea kwa bibi yake, na anapotaka kufika haraka hurudia kutambaa ingawa kutembea anajua. Nikamvuta mguu. Sikumvuta kwa nguvu, lakini nilimvuta, na nikapaza sauti ile ninayoitumia kwa watoto 132. "Angalia hapa!"

Aliangalia. Mikono yake aliificha chini ya mapaja.

Darasani ninao watoto wanaokaa hivyo. Miaka kumi na moja ya ualimu nimekuwa nikijiambia wametoka hivyo nyumbani kwao.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuja akamnyanyua, akaenda naye nje chini ya mpera, nikamsikia anamtajia vitu: kuku huyu, jani hili, jani limeanguka, jani limeanguka wapi? Alikuwa anauliza, ananyamaza, anasubiri. Kadogo akatoa sauti fulani. "Ehee," Mama akamwitikia, "hapo hapo, mume wangu, umesema kweli."

Jumamosi, 17 Februari

Kadi nimezitandaza mezani nikazitazama kama mwalimu wa Kiswahili, na nimeona kitu ambacho ningekiona tangu siku ya kwanza kama nisingekuwa na pupa.

Chukua KULA. Mtoto akishaikariri sura yake, ataikuta wapi? Kitabuni atakuta anakula, tumekula, hatukula, msile, chakula, mlaji. Maneno yetu hubadilika mbele, palepale jicho linapoanzia. Kadi moja ya neno zima haimfikishi popote, labda umchoree kadi elfu moja za kitenzi kimoja. Kiingereza ni shauri lingine: maandishi yao yameachana na sauti zao kwa muda mrefu, kwa hiyo mtoto wao maneno mengi lazima ayajue kwa sura, kama mtu anavyojua nyuso. Mbinu ya Doman ilizaliwa ndani ya shida hiyo.

Sisi tuna irabu tano, na a ni a popote utakapoikuta. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, mlango umefunguka. Nimewahi kuwa na watoto walioingia darasani Januari hawajui hata moja, Septemba wanasoma gazeti kwa sauti, polepole, lakini wanasoma. Lugha yenyewe inatusaidia, sisi hatujatumia vizuri msaada wake.

Penye ugumu pia napajua. Mtoto: m, to, to. Ile m ya mwanzo ni silabi inayosimama peke yake bila irabu, na darasani kila mwaka nina kundi linaloandika toto, ti, tu, badala ya mtoto, mti, mtu. Wanaandika hivyo kwa sababu sikio halijawahi kuisikia. Hiyo m haifundishwi kwa kadi. Inafundishwa kwa mdomo, kwa makofi, kwa kurukaruka, m-to-to, m-ti, m-tu, na kwa hilo miezi kumi na saba si mapema hata kidogo.

Kadi nimezifunga kwa mpira nikaziweka juu ya kabati. Sijazitupa. Ni kazi ya mkono wa mume wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Wiki hii wifi alikuja kutoka DUCE, chuo anakosomea ualimu, mwaka wa pili. Nikamwonyesha ile video ya dada. Kisha akanitumia muhtasari wa utafiti mmoja wa New York, uliotoka mwaka 2014, wa Susan Neuman na wenzake.

Walichukua watoto 117, wa miezi tisa hadi kumi na minane. Nusu wakapewa vifaa vya kufundishia watoto wachanga kusoma, video, kadi na vitabu vyake, nusu hawakupewa. Miezi saba. Kisha wakawapima kwa vipimo kumi na vinne: majina ya herufi, sauti zake, msamiati, maneno ya kutambua kwa macho, ufahamu. Katika kumi na vitatu hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Kipimo kimoja tu kilitofautiana, nacho ni imani ya wazazi. Waliopewa vifaa waliamini watoto wao wanajifunza maneno mapya.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Naijua imani hiyo. Ile siku Kadogo alipompa Mama kadi ya MAZIWA mbele ya macho yangu, usiku nilimpigia dada simu kumwambia mtoto anaijua.

Jumatano, 20 Machi

Ramadhani imefika siku ya tisa. Baada ya futari Mama amekaa barazani, Kadogo mapajani, na bila kuulizwa amenisimulia.

Mwaka 1971 alikuwa na miaka kumi na sita, ameolewa, ana mtoto wa kwanza anayenyonya. Mwaka uliotangulia Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha serikali ikachagua wilaya sita za kufuta ujinga wa kusoma kabla ya miaka kumi ya Uhuru, na Mafia ikawamo, kama Ukerewe. Darasa lao lilikuwa chini ya mwembe, saa za alasiri, kazi za shamba zikishaisha. Mwalimu ni kijana wa palepale kijijini aliyemaliza shule ya msingi.

"Walituandika hatujui kusoma," Mama akasema, "na mimi juzuu nimeimaliza chuoni nikiwa mtoto. Alifu fataha a, alifu kisra i, alifu dhuma u. Nilikuwa najua sauti zote. Kijana alipoandika a, i, u ubaoni kwa herufi zake, nikamwambia, mwanangu, hizi ninazo, wewe umezivalisha nguo nyingine tu."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyatoa. Wanawake wangapi wa pwani walihesabiwa hivyo, watu ambao mlango wa kusoma walishapita, ila walipita upande mwingine?

Kisha akafika kwenye jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Yule mtoto wake wa kwanza, shemeji yangu mkubwa aliyeko Kilindoni, alikuwa mapajani kila alasiri. Ananyonya, mwalimu anaandika, wanawake wanaitika kwa pamoja, ba, be, bi, na kifua alichoegemea kinatetemeka kwa sauti hizo. Usiku Mama anarudia peke yake kwenye mwanga wa koroboi, kidole juu ya kitabu, mtoto bado yuko palepale. Kisomo kilipokwisha yeye aliendelea kusoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, kwa sauti, kwa kuwa kimya alikuwa hajakiweza. Mtoto alipofika miaka minne, siku moja sukari ilikuja imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Akaweka kidole juu ya kichwa cha gazeti akasema: u, hu, ru.

"Nani alimfundisha?" nikauliza.

"Hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa najifunza."

Alhamisi, 11 Aprili

Idd ya pili. Mvua haikomi, uwanja wa shule yetu tuliuacha wiki iliyopita ukiwa bwawa. Baba Kadogo amemnunulia mama yake doti ya khanga Kariakoo, nyekundu na nyeusi, na jina lake ni WEMA HAUOZI.

Mama aliikunjua mapajani, akamkalisha Kadogo juu yake, akamshika kidole, akakipitisha taratibu juu ya maandishi. We-ma. Ha-u-o-zi. Kadogo alipofikishwa kwenye u-o akacheka, midomo imechongoka. Wakarudia. Walirudia mpaka nikapoteza hesabu, na kila mara alicheka palepale.

Nimelelewa katika khanga, nimebebwa kwa khanga. Na ndani ya khanga kuna maandishi, herufi kubwa zilizonyooka, sentensi moja iliyokamilika, yenye mashairi yake. Hakuna nyumba Mbagala isiyo na khanga. Nimezunguka mji nikitafuta vitabu vya watoto vya bei ninayoiweza, huku kabatini nina kurasa thelathini.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa wametangaza tangu juzi, na jana boti za Zanzibar zilisimamishwa. Leo kimefika Mafia.

Umeme hakuna. Upepo hapa si wa kutisha sana, mabati yanalia tu, lakini Mama yuko dirishani tangu alfajiri akiangalia upande wa bahari kana kwamba kutoka Mbagala Mafia inaonekana. Shemeji simu yake haipatikani. Baba Kadogo amekwenda kwa jirani mwenye betri ya sola kuchaji simu zetu zote.

Jumapili, 5 Mei

Saa nne asubuhi simu ya Mama imelia mara moja. Ujumbe. Nilitaka kuichukua nimsomee, mkono ukabaki hewani, kwa sababu alikuwa ameshakaa mkekani, Kadogo amejitupa mapajani mwake kama kawaida, na miwani ameshaivaa.

Alisoma kwa kidole, kwa sauti. Tu-ko. Wa-zi-ma. Akasimama hapo. Akarudia: tu-ko wa-zi-ma. Na Kadogo, ambaye macho yake yalikuwa kwenye kile kidole, akasema, "Zima."

Mama akaendelea. Minazi imeanguka, paa la jiko limekwenda, wavuvi wa kwao wote walikuwa nchi kavu, asiwe na wasiwasi. Alipomaliza akausoma wote tangu mwanzo, na tulimsikiliza tumesimama, mimi na mwanawe, hakuna aliyekaa.

Aliyeandika ujumbe ule ndiye yule mtoto wa chini ya mwembe. Ana miaka hamsini na mitatu.

Jumanne, 18 Juni

Kliniki. Kadogo kilo kumi na moja na nusu. Muuguzi ametufundisha vizuri, kumchangamsha mtoto, kuongea naye, kucheza naye, siku elfu moja za mwanzo. Ni matunda ya ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo iliyozinduliwa Desemba 2021, na nafurahi kuyasikia kwenye kituo cha afya na si kwenye semina za walimu peke yake. Tulikuwa akina mama zaidi ya sitini kwenye benchi, saa tatu nzima, watoto mikononi, na ukutani hakuna hata picha.

Wifi aliwahi kuniambia kuwa Boston, mwaka 1989, madaktari wa watoto walianza kumpa kila mtoto kitabu anapoletwa kupimwa, na kumwonyesha mzazi namna ya kukisoma naye. Nililikumbuka pale kwenye benchi. Saa tatu, mara sitini. Hata kitabu kimoja kilichochakaa kingezunguka.

Nilitoa khanga begani nikaanza na Kadogo. Jirani yangu wa benchi akajifungua yake, ina maandishi marefu kuliko yangu. Akanisogezea. "Hebu isome na hii, Mwalimu."

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, yaani viwanjani kwenyewe, Barabara ya Kilwa. Baba Kadogo alitaka mashine za kuchapia mabango, akaenda kuziona na kurudi kimya. Sisi tukaingia mabanda ya vitabu.

Nina furaha na nina uchungu. Furaha ni kwamba vitabu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisukuma kazi hii tangu 1991, Mkuki na Nyota wanachapa, E & D wanachapa, Elieshi Lema ameandika kwa ajili ya watoto wetu kwa miaka mingi. Watoto weusi, nyumba za makuti, daladala, bahari. Uchungu ni kwamba kutoka nyumbani kwangu siwezi kutembea kwa miguu nikafika mahali panapouza hata kimoja. Mwezi uliopita nilimpeleka Kadogo Maktaba Kuu, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sehemu ya watoto ipo, alivuta vitabu chini sakafuni na hakuna aliyemfokea. Lakini ni mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya unga.

Tumenunua vitabu viwili. Kimoja cha kuku. Kwenye daladala alikishika juu chini, akakifungua na kukifunga mara nyingi, na kila akifungua alinitazama usoni kuona kama nitaanza. Nilikuwa nasoma kwa sauti katikati ya watu wamesimama. Kondakta alipita akasema, "Mama, rudia hapo kwa jogoo, sikusikia." Nikarudia.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo nimefanya kikao na wazazi wa darasa langu. Nimewaomba kila mmoja aje na maandishi yoyote yaliyoko nyumbani. Waliokuja ni arobaini na moja, karibu wote wanawake. Zilikuja khanga, mifuko ya unga, juzuu, Biblia, bili ya maji, kalenda ya mwaka juzi, kopo la dawa ya mbu. Tulizipanga mezani, meza ikajaa. Nikawaambia: hii ndiyo maktaba yenu.

Nikawaonyesha kupiga makofi ya silabi kwa majina ya watoto wao. Nikawaambia yule mdogo aliyeko mgongoni asipewe daftari wala kadi. Apewe paja, kidole na muda wa kujibu. Nikiyasema haya nilikuwa naiona mikono ya Kadogo chini ya mapaja yake, na naona nitaendelea kuiona.

Mama mmoja alibaki nyuma wengine walipoondoka. Amekuja na kadi ya kliniki ya mtoto wake. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hakusoma, na kwa miaka saba ameitunza kadi ile kwenye plastiki bila kujua jina la mtoto limeandikwa wapi. Nilimwonyesha. Jina lina silabi tatu. Tulizipiga makofi, kisha akaweka kidole juu ya kila moja. Alipofika ya tatu alirudi kwenye ya kwanza, peke yake.

Nimempeleka nyumbani kwangu, kwa Mama mkwe. Watakuwa wanakaa pamoja barazani Jumatano na Ijumaa alasiri. Ana mtoto mwingine wa miezi tisa, atakuja naye.

Jumapili, 22 Septemba

Kadogo ametimiza miaka miwili tangu juzi. Anasema maneno mengi sasa, nimeacha kuyahesabu. Kusoma hajui. Ila kwa wiki kama tatu hivi, kila akiona maandishi yoyote, ubavuni mwa daladala, kwenye mlango wa duka, kwenye mfuko wa saruji uliotupwa, ananyoosha kidole na kusema, "Baba."

Mwanzo nilimsahihisha. Kisha nikaelewa. Tangu azaliwe ameona maandishi yakitoka kwenye mkono mmoja.

Jioni tulimfuata Baba Kadogo mtaa wa pili, alikuwa anamalizia ukuta wa watu. Nyumba ya marehemu, watoto hawaelewani, maneno ni yaleyale ya siku zote. Rangi ilikuwa mbichi. Nilikuwa namsalimia mama mwenye nyumba, shikamoo bado iko mdomoni, nikasikia "Baba!" na nilipogeuka Kadogo alikuwa amebandika kiganja chote kwenye HAIUZWI, pale kwenye A.

Mwenye nyumba alisikitika, haki yake. Baba Kadogo ameomba radhi, amefuta kwa kitambaa, ametoa brashi nyembamba na anairudia herufi ile tangu kiunoni. Nimekaa juu ya tofali nikimsubiri, mtoto mapajani. Kiganjani ana nusu ya A, nyekundu, imegeuka. Anaitazama kwa karibu sana, anafunga vidole, anafungua.

Nyumbani kuna mafuta ya kupikia ya kumtolea rangi. Tutaitoa kesho.